Chungu Kilichopumzika

Shangazi yangu Stefania hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nitakayosimulia yanaweza kumfanya msomaji amchukie kidogo, na mimi mwenyewe ziko siku ninazomchukia kidogo, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa na ulimi uliomtangulia kila alikokwenda. Alizaliwa Lutindi, juu mlimani, ambako babu yangu alikuwa akipasua kuni za misheni. Akaolewa bondeni, na maisha yake yote yaliyobaki alilalamika kwamba huku chini joto linaharibu kila kitu isipokuwa pombe.

Pombe ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipika boha, ambayo mtu wa Korogwe au Handeni hahitaji kuelezwa, lakini wengine nitawaeleza. Miwa hutwangwa kwenye kinu, hukamuliwa, na maji yake hutiwa chunguni pamoja na vipande vya tunda la mwegea, lile tunda refu na zito ambalo hata nyani hulifikiria mara mbili. Vipande hivyo havitupwi. Boha ikiisha hukaushwa kwa moshi wa jikoni, vikarudishwa chunguni safari nyingine, na nyingine tena, kwa sababu chachu imejificha ndani yake. Shangazi alipewa vya kwake na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye alipewa vivyo hivyo. Wenzake walishuka mlima na kanga na masufuria. Yeye alishuka na vipande vyeusi vilivyofungwa kitambaani, na kwa majivuno aliyokuwa nayo ungedhani amebeba dhahabu.

Mumewe, Mdoe, alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja karibu na Korogwe, kwa hiyo shangazi aliwapikia manamba. Mwaka wa Uhuru, alikuwa akisema, vyungu vyake havikupata nafasi ya kukauka. Baadaye bei ya mkonge ikaanguka, Mdoe akapunguzwa kazini, wakahamia kwao Mazingara kulima mahindi. Huko kila mtu alikaa na shamba lake na upweke wake, mpaka ilipofika Operesheni Vijiji mwaka 1974, wakahamishiwa kijiji kipya upande wa Kwamsisi. Viwanja viligawiwa kwa kamba, nyumba kwa nyumba, na kamba hiyo ndiyo iliyomweka shangazi ubavuni mwa Mwantumu.

Mwantumu alikuwa Mzigua, mke wa Isihaka aliyewafundisha watoto Kurani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hakuwa mtu wa kusahau neno. Alioka mikate ya kumimina, ile ya mchele ulioloweshwa na kusagwa, inayopaliwa makaa chini na juu. Tatizo lake lilikuwa hamira, kwa kuwa ya dukani ilikuwa imeadimika. Mama yake, aliyekulia upande wa Pangani, alikuwa akichachua mikate kwa tembo la mnazi, lakini pale kijijini mnazi ungeutoa wapi? Kisha upepo ukageuka, akasikia harufu ya chungu cha jirani.

Akaja na bakuli. Aliomba povu kidogo tu la boha, akaeleza huku ameinamisha macho kwamba moto huondoa ulevi wote, na kwamba huko pwani hata wacha Mungu wanaila mikate ya namna hiyo. Shangazi alicheka. Alimwambia kwamba mambo ya dini hajamwuliza, anachotaka kujua ni kama ana nafasi ya kukaa.

Maana povu halikuchotwa hovyo. Shangazi aliamini kwamba chungu kinapumua. Huvuma, povu likapanda mpaka shingoni. Kisha hunyamaza, povu likalala, ungedhani kimekufa. Kisha, hakuna aliyekigusa, huanza tena. Povu la kuchachulia lilichotwa kikivuma. Kikipumzika, unakaa kwenye kigoda unasubiri. Basi Mwantumu akawa anakaa, wanamenya kunde, wanasema watu. Waliitana kwa majina ya watoto wao, Mama Valeriani na Mama Mwanaidi, ingawa Valeriani mwenyewe alikuwa mtu mzima, kazini Tanga, haandiki. Baina ya majiko mawili ikachongeka njia ya miguu kupitia uani. Nina hakika ziko siku chungu kilivuma tangu asubuhi, nao wakajifanya viziwi.

Mimi nilifundisha Bayolojia miaka mingi katika sekondari moja ya Korogwe, na siku moja, nikiandaa somo la chachu, nilisoma jambo likanifanya niweke kitabu chini. Chembe za chachu hazili sukari kwa mwendo mmoja. Kazi inayofanyika ndani yake hupanda na kushuka kwa mpigo unaojirudia, mwingine wa dakika, mwingine wa saa. Na zikiwa zimesongamana, kila chembe hutoa kemikali inayowafikia wenzake, nao wakaitikia, mpaka zote zikaenda pamoja kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja. Zikitawanywa zikawa chachechache, mpigo wa pamoja unapotea, kila moja inabaki na wake. Sidai kwamba sikio la shangazi lilisikia jambo ambalo wataalamu hulipima kwa mashine. Huenda alichosikia ni kuni kukolea na kufifia, au jua kuingia na kutoka jikoni. Sijui, na nikiwa mwalimu mkweli sina budi kusema sijui. Lakini somo lile lilinirudishia Mwantumu moyoni, nikashindwa kulifundisha siku hiyo.

Mwaka 1976, mvua za masika zilipokaribia, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Shamba la pamoja lilikuwa limemezwa na magugu, na wanaume waliotakiwa kulipalilia walionekana zaidi uani kwa shangazi. Likatolewa pendekezo kwamba msimu wa kilimo pombe ipikwe kwa ajili ya Jumamosi tu. Watu wakaguna. Mwantumu, ambaye mikutanoni hakuwa msemaji, alisimama akaunga mkono. Alisema yeye na mumewe wamechoka kulima na sehemu za watu wanaoamka na vichwa vinauma. Pendekezo likapita.

Alisema kweli, na shangazi alijua ni kweli. Kilichomchoma ni kwamba jana yake tu walikuwa wamekaa pamoja wanamenya kunde, na mwenzake hakumdokezea hata nusu neno. Siku mbili tatu alikuwa na donge. Kisha likayeyuka, kwa sababu shangazi alikuwa mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kuchoka na hasira.

“Nilikuwa nimeshamsamehe,” aliniambia. “Ila sikuwa nimemwambia.”

Wiki chache baadaye kijiji kikapata habari ya wageni kutoka wilayani. Akina mama walikuwa na kikundi chao cha kuoka, na kiongozi wao alikuwa Mwantumu. Ilisemwa kwamba mikate ikiwapendeza wageni, kikundi kitapewa mgao wa sukari kila mwezi. Enzi hizo sukari ilikuwa kitu cha kumfanya mtu mzima aote ndoto. Mwantumu aliloweka mchele wa kijiji kizima, akausaga, na asubuhi ya Jumamosi hiyo akaja na bakuli lake kupitia njia yao ya uani.

Chungu kilikuwa kimya. Povu lilikuwepo, lakini limelala. Shangazi alimwambia akae, kitaamka. Mwantumu akasema hawezi, wageni wanafika alasiri, akina mama wenzake wamekwisha kuwasha makaa. Na papo hapo kengele ya kijiji ikagongwa, kile kipande cha reli kilichotundikwa ofisini, kuwaita watu wakafagie barabara. Shangazi naye alikuwa na zamu. Basi akachota hivyo hivyo, akamkabidhi, akasema litaamka njiani. Njiani penyewe ni kutoka jiko moja kwenda jiko la pili.

Rojo halikuumuka. Mwantumu alilisubiri mpaka jua likampita, akaoka kwa kukosa la kufanya. Mikate ikatoka bapa, mizito, mibichi katikati. Mgeni mmoja alibonyeza kipande chake kwa kidole, akakirudisha sahanini, akaomba maji. Watu wa kijiji waliona. Mgao wa sukari ukaenda kijiji kingine, na wale wenzake wa kikundi, waliomharakisha asubuhi, jioni walimnong'onea kana kwamba alioka peke yake.

Alikuja kwa shangazi jua likiteremka, akasimama mlangoni mwa jiko, hakuingia.

“Mama Valeriani,” alisema, “povu ulilonipa lilikuwa limekufa. Na wewe ulilijua. Umenilipa yale ya mkutanoni?”

Hapo ndipo ninapomchukia shangazi yangu. Jibu lilikuwa jepesi, mtoto angelitoa. Angesema hapana. Angesema chungu kilikuwa kimepumzika, nilikuambia ukae, ukakataa, nami nikakosea kuchota. Lakini yeye alisikia jambo moja tu, kwamba mwenzake wa kunde zote zile anaweza kumdhania ubaya kama huo. Uchungu ukamtangulia, na ulimi, kama kawaida yake, ukatangulia uchungu.

“Mtu huvuna alichopanda,” alisema.

Alikiri kosa ambalo hakulitenda. Nimewahi kuona watu wakikana makosa yao, na hiyo ndiyo tabia ya binadamu, lakini kulibeba la uongo ili kumkomoa anayekusingizia, hilo nimeliona kwa shangazi yangu tu. Mwantumu alimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole, akaenda zake.

Kila mmoja akasubiri. Shangazi alisubiri kuombwa radhi kwa kusingiziwa. Mwantumu alisubiri asichokijua mtu yeyote wakati ule. Walikutana kisimani wakasalimiana vizuri, kwa sababu wote wawili walilelewa, na salamu ikiisha kila mmoja akanyanyua ndoo yake. Jumamosi, povu likipanda, shangazi alichota bakuli moja akaliweka kando, akalifunika kwa jani la mgomba. Jioni alilimwaga. Nilimwuliza kwa nini hakulipeleka. Akanijibu kwamba mwenye shida ndiye anayekwenda. Na nani alikuwa na shida kuliko yeye?

Ilipofika Idi, Mwanaidi, binti wa Mwantumu, alipiga hodi na sahani ya bati yenye maua mekundu, imefunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina. Nyumba nyingi zilipelekewa chakula siku ile, ndiyo desturi, kwa hiyo shangazi aliamua kwamba sahani hiyo haina maana yoyote. Hakuuonja mkate. Alimpa Mdoe. Na alifanya jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi. Sahani ya jirani hairudi tupu. Kama huna kitu utatia limau, utatia yai moja, utatia chumvi ya kufunika maua. Shangazi aliiosha, akaifuta, akamrudishia binti wa watu sahani inayong'aa, tupu.

Idi iliyofuata sahani ilikuja tena. Ikarudi tupu. Na nyingine tena, na nyingine. Hata miaka ile ya njaa ya vitu, mchele ukipatikana kwa bahati, Mwantumu alijibana akapata mkate mmoja wa kupeleka kwa jirani asiyerudisha kitu. Mwaka mmoja Mdoe, akiwa mdomo umejaa, alisema mkate huu unanukia jiko letu. Shangazi akamwambia atafune kimya.

Katikati ya miaka hiyo boha ikamwishia mikononi. Ukame uliukausha mto, miwa ikafia bondeni. Shangazi alivitundika vile vipande vya mwegea juu ya dari la jiko vikisubiri mvua, na mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira, ikaangusha paa lenyewe. Alivikuta siku tatu baadaye chini ya nyasi na udongo, vimeoza. Vilikuwa vimetoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake, na yeye ndiye vilivyomfia. Alikwenda kutafuta vingine, lakini havikuwa vile. Pombe yake ikawa pombe tu. Aliacha kupika. Alisema kuna wakati alitamani kuvuka uani akamweleze Mwantumu, kwa sababu pale kijijini hakuna mwingine ambaye angeelewa amepoteza nini. Hakuvuka.

Mwaka 1983 Mwantumu aliumwa kifua. Ramadhani ile hakuweza kufunga hata siku moja. Shangazi alisikia, akajiambia atakwenda kumwona akipata nafuu kidogo, maana si vizuri kumsumbua mgonjwa. Idi ikafika, na Mwanaidi, ambaye sasa alikuwa ameolewa na amekuja kumuuguza mama yake, alileta sahani ya maua mekundu. Shangazi aliuliza hali ya mgonjwa, akaambiwa amelala. Akaupokea mkate, akampa Mdoe. Akaiosha sahani, akaifuta, akairudisha. Mwezi ule haukwisha, Mwantumu akazikwa.

Kwenye msiba shangazi alikwenda, kama kila mtu. Alichota maji, alipasua kuni, alichambua mchele wa hitima pamoja na wanawake wengine. Baada ya dua ikaletwa chai ya rangi na mikate aliyooka Mwanaidi, na hapo hapakuwa na namna ya kukataa, watu wamekaa duara na kipande kimekwisha kuwekwa mkononi mwake. Akauma.

Aliniambia kwamba alitafuna mara moja, akaacha. Ule ukali mdogo wa moshi nyuma ya utamu, ule uchachu wa mwegea unaobaki chini ya ulimi, haukuwa wa nyumba ile. Ulikuwa wa jiko la mama yake, Lutindi. Alikaa na mkate mdomoni, machozi yakimtoka, na wanawake wakadhani anamlilia marehemu. Wengine walimpigapiga mgongoni.

Alimfuata Mwanaidi jikoni, akamwuliza chachu hii ameitoa wapi. Mwanaidi alifunua bakuli pembeni ya mafiga, rojo kuukuu, povu limepanda mpaka ukingoni. Akamweleza. Jumamosi ile ya wageni, povu halikutumika lote. Mama yake alikuwa ameliacha bakulini akikusudia kulimwagia kuku, na asubuhi ya pili akalikuta limefurika, limemwagika hadi chini. Mama alichuchumaa akalitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Mwanaidi kwamba povu halikuwa limekufa, na kwamba amemsingizia mwenzake. Siku hiyohiyo akalichanganya na rojo la mchele, na tangu hapo kila akioka alibakiza kidogo, akalilisha, miaka yote hiyo, halikulala na njaa hata mara moja.

“Mbona hakuja kuniambia?” shangazi aliuliza.

“Mama alisema wewe mwenyewe ulikubali kosa,” Mwanaidi alijibu, “na akikuambia kwa mdomo utabisha. Akasema bora akuletee mkate. Ukiuonja tu utajua.”

Shangazi alirudi nyumbani. Usiniulize alivyofika. Kesho yake asubuhi alichukua kunde zote alizokuwa amezihifadhi kwa mbegu, na mayai, na kipande cha sabuni ambacho wakati huo kilikuwa mali, akavipanga kwenye sahani ya maua mekundu, ambayo Mwanaidi alikuwa amemfungia mkate wa msibani aende nao nyumbani. Akazunguka kwa barabara, akapiga hodi mlango wa mbele. Mwanaidi alifungua, akamwamkia shikamoo, akapokea. Aliitazama sahani, akaanza kulia kwa sauti, na shangazi akamwuliza amemkosea nini tena.

“Hujanikosea, mama,” Mwanaidi alisema. “Ile Idi mama aliniambia, nakwenda kulala, lakini sahani ikirudi na kitu, hata chumvi, niamshe. Nikaja kwako, nikarudi. Sikumwamsha.”

Shangazi aliniambia kwamba siku hiyo ulimi wake, ambao haukuwahi kumkosa, aliutafuta hakuuona. Aliiacha sahani mikononi mwa Mwanaidi, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika ile njia ya uani ambayo hakuwa ameipita tangu siku ya mikate bapa. Ilikuwa imeota majani mpaka magotini, na ilibidi aipasue kwa mikono kufika jikoni kwake.